Upepo "amesema" au "umesema"? Nisaidieni na jinsi zisizo za kike wala za kiume

BintFunguni

Asalaam alaykum. Nina swali la Kiswahili, na naomba lijibiwe kama swali la Kiswahili. Najua wapo watakaokuja na mengine. Karibuni, ila kazi inatakiwa Alkhamisi na leo ni Jumapili.

Mimi mfasiri, nakaa Funguni hapa mjini. Nafasiri kila kinachopita mlangoni: maelezo ya dawa za mbu, mikataba ya nyumba za wageni, menyu za hoteli za Nungwi (pweza wa nazi nimeshamwandika hadi namwota). Safari hii nimepewa mchezo wa simu. Ni wa kusoma zaidi kuliko wa kubonyeza: unakwenda kisiwa hadi kisiwa, unakutana na wenyeji, unazungumza nao, unachagua jibu. Wenyeji wenyewe si binadamu. Mmoja ni upepo. Mmoja ni paka ambaye si paka hasa. Mmoja ni mwezi. Na kila mmoja ana jinsi yake, ambayo si ya kike, si ya kiume, wala si ya katikati. Ya upepo ni ya upepo, basi.

Kwa asiyeijua habari hii: kuna watu, wengi wao vijana wa Marekani na Ulaya, wanaosema wakijitazama ndani hawamwoni mwanamke wala mwanamme, wala hawauoni mstari unaowaunganisha hao wawili ili wakasimame mahali juu yake. Wanachokiona hukieleza kwa mnyama, au mmea, au sauti, au hali ya hewa. Mwaka 2014 mtu mmoja kwenye mtandao wa Tumblr akaliundia jambo hilo jina: alichukua neno la Kigiriki, xenos, yaani mgeni, akalibandika mbele ya neno la Kiingereza la jinsi. Kutoka hapo maneno yakazaana. Jinsi ya nyota, jinsi ya paka, jinsi ya kila kitu. Waliotengeneza mchezo wamenitumia faharasa ya maneno arubaini na mbili ya namna hiyo. Wanalipa kwa neno la asili, kwa hiyo siku mbili nilizokaa na neno moja ni sadaka.

Sikuulizeni kama mnaliafiki. Hata mimi kuna usiku naisoma ile faharasa nacheka peke yangu, halafu nafika mstari mmoja nakuta nimeacha kucheka.

Pahala nilipodhani patakuwa pagumu pamekuwa mteremko. Kiingereza kinahangaika na viwakilishi tangu enzi na enzi. Mwaka 1884 mwanasheria mmoja Mmarekani, Charles Crozat Converse, alipendekeza "thon" ili msemaji asilazimike kuchagua mume au mke. Likaingia katika kamusi kubwa ya Webster ya 1934, toleo la 1961 likalitoa. Miaka yote hiyo ya kuhangaika, kisha likatupwa. Sisi hii "a" ya "amekuja" haijawahi kumuuliza mtu kama amevaa kanzu au buibui.

Nikajiona nimeshamaliza, mpaka nilipofika kwa Upepo. Huyu, katika Kiingereza chake, hataki kiwakilishi cha mtu. Anataka kile cha kitu, kinachotumiwa kwa meza na jiwe, na maelezo yamesisitiza kuwa kwake ni heshima, si tusi. Haya. Kitu kwa Kiswahili ni kipi? Kiingereza kina mlango mmoja wa vitu, sisi tuna ushoroba mzima: kimesema, limesema, umesema, imesema. Nikisema "kimesema" nimemdogosha, kama mtu anayesema "hiki kizee". Nikisema "limesema" nimemfanya zimwi. Nikaona upepo una ngeli yake tangu asili, kwa nini nihangaike? Nikaandika "umesema" kurasa kumi na moja.

Nikampa mpwa wangu asome kwa sauti, ana miaka kumi na mbili. Akafika "Umesema hutavuka leo." Akasimama, akaniangalia. "Nimesema mimi?"

Kurasa kumi na moja.

Jioni nikaenda kwa shangazi yangu. Nilimkuta uani amekalia mbuzi, anakuna nazi. Nikamsomea, "Upepo umesema, leo hakuna kuvuka." Hakuinua uso. "Upepo husema? Upepo huvuma." Nikageuza: "Upepo amesema, leo hakuna kuvuka." Mkono ukasimama juu ya kizio cha nazi. "Aaa. Huyo sasa ana jambo lake." Nikamuuliza tofauti iko wapi na upepo ni ule ule. Akagonga kibao alichokikalia. "Mbuzi hii nimeikalia tangu saa kumi. Mbuzi huyu ningemkalia?"

Hapo ndipo niliponasa. Mwenye mchezo anasema kumtaja Upepo kama kitu ndiyo kumheshimu. Uani kwa shangazi heshima yote iko kwenye hiyo "a". Nimtii nani?

Kwa Mwezi nilijiona mjanja. Mwanamke ni mwana na mke, mwanamme ni mwana na mume, basi nikaunda "mwanamwezi". Zuri kwa macho. Shangazi alicheka mpaka kanga ikamvuka begani: "Mwanamwezi ndiyo nani, aliye mwezini?" Wanawake mmenielewa, wanaume waulizeni dada zenu. Yule wa nyota nikamwita "mwananyota", dada yangu akauliza ni chama gani hicho.

Jina la jumla ndilo limenishinda kabisa. "Jinsi zisizo za kibinadamu" haiwezekani, kwetu asiye na ubinadamu ni yule anayemtoa yatima nyumbani. "Jinsi ngeni" limekaa karibu na Kigiriki chao, lakini sijalipenda na sijui kwa nini. Nikajaribu njia ya ukimwi, upungufu wa kinga mwilini ukakatwa silabi ukawa neno ambalo leo hakuna anayekumbuka lilikatwa wapi. Jinsi zisizo za binadamu: JIZIBI. Jizibi! Kama mtu kaamrishwa azibe pua.

Na msiniambie nitumie maneno yaliyopo. Maneno tuliyonayo kwa mtu asiyekaa sawasawa katika mke na mume karibu yote ni ya kutukania, na mengine yamehama maana njiani. Miye nimekua naitwa shoga na wenzangu wa chuoni, nami nikiwaita hivyo hivyo, na shoga yangu wa utotoni bado ni shoga yangu. Nilipokwenda Dar es Salaam kusoma nikamwita mwenzangu "shoga" ndani ya daladala, daladala zima likageuka.

Nimefungua Kamusi ya Kiswahili Fasaha, nikafika kwenye "huntha", nikaona nimepata. Kisha moyo ukasita. Je, nalo linafaa?

Simba_wa_Mtaa

Dada, weka "yeye" ukale wali. Mchezo wa simu huo, si Msahafu.

MaalimWaChake

Waalaykum salaam, bint yangu. Nimesomesha Kiswahili skuli za Pemba mpaka nikastaafu, na kosa la kwanza la kila mwanafunzi aliyeambiwa aunde neno ni hilo hilo lako: hukimbilia kuunda jina. Kwa nini jina? Hebu tazama tunavyosema. Vazi la kike. Sauti ya kiume. Mchezo wa kitoto. Hiyo ki- ni ya namna, na hukubali karibu chochote unachoipachika. Jinsi ya kike, jinsi ya kiume, jinsi ya kipaka, jinsi ya kibahari. Hakuna ulichokiunda hapo na hakuna atakayekuuliza maana.

Neno "jinsi" nalo usiliache ukakimbilia "jinsia" la maofisini. Jinsi ni namna. Jinsi gani, jinsi alivyokuja, jinsi hii. Neno hili tulilipata kwa Mwarabu likiwa limebeba yote mawili, aina ya kitu na habari ya kike na kiume, nasi hatukuyatenganisha. Mhusika wako akisema "jinsi yangu ni ya kipaka", nusu ya sentensi anasema "ndivyo nilivyo". Faida hiyo umeikuta bure, itumie.

Tahadhari moja tu. Usije ukaandika "jinsi ya kipepo". Pepo na upepo ni ndugu wa tumbo moja, na mtu wa huku akisikia "kipepo" ataagiza ubani.

Ama "amesema" na "umesema", shangazi yako amemaliza. Katika ngano zetu kila kinachofungua mdomo hupewa a-. Jiwe akasema, chungu akajibu. Neno lina ngeli yake na msemaji ana yake. Ndiyo maana kiumbe huwa huyu, na kijana huwa yule, japokuwa yote yamevaa ki-.

Kuhusu kuunda: neno haliishi kwa sababu limeundwa vizuri. Ngamizi liliundwa. Tarakilishi liliundwa, tena kwa akili nyingi, tarakimu na akili ndani ya neno moja, na bado fundi wetu hapa Chake anatengeneza kompyuta. Kishikwambi nacho tulikicheka sana. Ikaja sensa ya 2022, makarani wakapita navyo mlango hadi mlango, na leo mjukuu wangu anasema kishikwambi na hajui kama kulikuwa na jina jengine. Lilipata kazi ya kufanya. Hilo lako litapata kazi gani nje ya mchezo wako? Kama halina, usilihangaikie mno.

Jina la jumla mimi ningesema jinsi za tashbihi. Mtu anajifananisha na bahari, anajifananisha na paka. Kila aliyepita kidato cha nne anaijua tashbihi.

Abuu_Nassor

Dada, umefanya vyema kusita. Mimi jambo lenyewe silikubali na sitajifanya nalikubali. Lakini tafsiri ni amana, na ukitumia huntha utadhulumu pande zote mbili.

Huntha katika fiqhi ni habari ya mwili: aliyezaliwa na viungo vya pande mbili, au visivyobainika. Ambaye hali yake haikubainika huitwa huntha mushkil. Wanazuoni hawakumficha. Katika safu za sala walimpa pahala pake, nyuma ya wanaume na watoto wa kiume, mbele ya wanawake. Katika mirathi, kwa madhehebu yetu ya Shafii, hupewa fungu ambalo ni yakini kwa hali zote mbili, na kinachobaki husimamishwa mpaka mambo yabainike. Angalia walivyokuwa makini na mtu mmoja.

Na mtu huyo yupo mitaani kwetu, ana mama yake na ana jina lake. Ukimchukulia neno lake ukampa paka wa kwenye simu, siku atakayolitafuta ili ajieleze kwa daktari atalikuta limeota mkia.

BintFunguni

Abuu Nassor, Allah akulipe kheri. Huntha nimeifuta.

Maalim, shikamoo. Ki- nimeichukua kwa mikono miwili. "A" bado inanisumbua, kwa sababu si mimi niliyeamua Upepo asitajwe kama mtu. Nikiandika "amesema" nimefuata Kiswahili nikamwacha mhusika nyuma.

BiMkubwa_Ngambo

Nyinyi vijana mnazungumza kama vile jambo hili limeshuka na ndege. Hamjawahi kukaa kwenye ngoma ya kibuki, ya kupunga pepo? Mwanamke mtu mzima, kiti wa watu, akipandwa na kibuki mwanamme anakaa kibwana, sauti inashuka, anaagiza brandi yake, na sote tunamwamkia kwa jina la huyo bwana aliyetoka Bukini, yaani Madagaska. Akishuka, mwenyewe anarudi, anauliza kama wali umeiva. Hakuna aliyetafuta neno jipya, na hakuna aliyekosea kumwita.

Siwaambii mkapungwe. Nasema tu.

WaWete_aliyeMbali

Nimesoma kimya tangu asubuhi, nimeona nisipite. Miye wa Wete, nakaa Malmö mwaka wa tisa sasa. Ni mmoja wa hao mnaowazungumza, au jirani yao wa karibu sana.

Utotoni bibi alikuwa akitupeleka pwani maji yakipwa. Kulikuwa na fungu, mchanga mweupe mtupu, linaonekana saa mbili tatu kisha bahari inalichukua. Wavulana walicheza mpira upande wa nchi, wasichana wakiokota chaza upande wa maji, na mimi nikakaa kwenye fungu. Nilikuwa na miaka tisa. Nikajiambia, mimi ni hili. Tumblr haikuwapo bado, na sikumwambia mtu, kwa sababu ningemwambia nini? Bibi aliniita mara tatu twende, maji yameshafika magotini.

Maalim, kwa heshima yako: tashbihi ina "kama". Sikujiambia mimi ni kama fungu. Ikiwa lazima iwe somo la fasihi, basi ni sitiari.

Dada, kuhusu Upepo wako. Wapo kweli wanaotaka kiwakilishi cha kitu kwa Kiingereza, nami nawaelewa. Kila mlango wa mtu waliouona, walikuta umeandikwa mke au mume (ukiacha kile cha wingi, ambacho wengine hukitumia). Cha kitu ndicho pekee kilichokuwa hakijaandikwa. Kwetu "a" haijaandikwa kitu. Walichokuwa wanakikimbia hakipo ndani yake. Fasiri kilichowakimbiza.

Huku Uswidi wana "hen". Lilipendekezwa gazetini mwaka 1966, mfano wake ukiwa "hän" la Kifini ambalo halibagui, na halikwenda popote. Likaja kuamka baadaye sana, watu wakagombana, na 2015 likaingia katika orodha ya maneno ya Akademia ya Uswidi. Wafini wao wametulia na lao kama sisi na letu. Niliwahi kuwaambia wenzangu kazini kuwa lugha ya mama yangu haina cha kuunda hapo, hawakuamini. Nikawafasiria neno kwa neno ujumbe wa sauti wa mama, dakika tatu nzima za kumsema jirani, wakaniuliza mwisho: jirani ni bibi au bwana? Na mimi nilikuwa sijui. Nilikuwa sijawahi hata kujiuliza.

Na "ngeni" achana nalo, nakwambia kwa nini hukulipenda. Wageni ni hao wanaoshuka boti hapo Malindi. Mimi nimezaliwa Wete.

Halafu wewe unakaa Funguni, neno hujaliona?

NahodhaMkokotoni

Mambo ya fasihi siyawezi. Ila mnasema upepo, upepo, kama vile upepo ni mmoja. Dada, upepo gani? Kaskazi? Kaskazi inakuja Disemba na joto lake, ndiyo iliyowashusha Waarabu na majahazi yao. Kusi? Kusi ikishika, ngalawa nyingine tunaziacha ufukweni. Matlai ya asubuhi? Umande unaotoka nchi kavu alfajiri? Huyo wa kwenye simu anafanya nini hasa?

BintFunguni

Nahodha, nakunukulia maelezo yao kama yalivyo: "Upepo ambao haujachagua upande na hautachagua. Vyombo vya huku na vya kule vyote huutegemea."

NahodhaMkokotoni

Basi umehangaika bure. Huyo ni tanga mbili. Kusi imelegea, kaskazi haijashika, upepo leo huku kesho kule. Ukitaka kwenda juu unakwenda, ukitaka kushuka unashuka. Wengine husema malelezi. Jina lipo, la mababu, si la mtandaoni.

Na hilo la kike na kiume, njoo siku moja mnadani nikuoneshe pono. Kuna yule wa rangi ya udongo na yule wa kijani na buluu, wateja wanadhani samaki wawili mbali mbali. Aghlabu yule wa buluu ni dume, na wengi katika hao walianza maisha wakiwa majike. Chewa vile vile, wale wakubwa kabisa ndio madume, na zamani walitaga. Hatuna jina la hilo kwetu. Tunampima kwa kilo.

Simba_wa_Mtaa

Nimekuja kucheka, nimebaki kusoma. Tanga mbili kali.

BintFunguni

Nimekabidhi juzi usiku, umeme umekatika mara mbili, ya pili nikamalizia kwa mwanga wa simu.

Upepo sasa ni Tangambili. Nimeandika neno moja kwa sababu ni jina la mtu. Nilimpa mpwa wangu ukurasa ule ule. "Tangambili amesema, hutavuka leo. Kesho labda, upande utakaoutaka wewe." Akapita bila kusimama, akafika chini, akaniuliza kama Tangambili anarudi mbele. Anarudi. Kisiwa cha tano.

Mwezi nimemwacha jina lake, lakini jinsi yake nimeiita ya mbalamwezi. Shangazi amelipitisha. Akasema hilo hata kwenye harusi laweza kusemwa.

Jina la jumla nimeandika "jinsi za sitiari", mara moja tu, kwenye faharasa, na baada ya hapo sikulirudia. Maalim kanishauri nisilihangaikie na alisema kweli. Katika mazungumzo hakuna mhusika hata mmoja anayelihitaji, kila mmoja anasema ya kwake tu, ya kipaka, ya mbalamwezi, anaendelea na safari.

Wenye mchezo waliniuliza kwa nini nimempa Tangambili kiwakilishi cha mtu na wao walikataza. Niliwaandikia aya mbili ndefu juu ya mbuzi. Mbuzi huyu analia, mbuzi hii inakuna nazi, na kinachowatenganisha ni silabi tu. Nikawaambia na ile hoja ya milango iliyoandikwa na isiyoandikwa, bila kumtaja aliyenipa. Wakakaa siku nzima kimya nikadhani kazi imerudi. Jibu lilipokuja lilikuwa mistari miwili: wamekubali, na wanaomba picha ya hiyo mbuzi inayokaliwa. Shangazi amekataa kupigwa picha na kanga ya jikoni. Amekwenda kuoga kwanza.

Wa Wete, moja ni lako. Kisiwa cha saba katika asili hakikuwa na jina, kilikuwa namba tu: hutokea maji yakipwa na mchezaji ana dakika chache za kukaa pale. Niliwaomba ruhusa nikipe jina, wakanipa. Utakapoufungua mchezo utaliona limeandikwa kwenye ramani, kwa Kiswahili peke yake, kwa sababu lugha nyengine zimebaki na namba.

Paka bado ana kasoro moja. Kuna mahali paka-mtu anacheka kwamba watu wa kisiwani humwita "paka dume" na yeye si dume. Naona limelala sana. Mna la kuliamsha?

WaWete_aliyeMbali

Nimeliona jina. Sina la kuandika leo.

MaalimWaChake

Paka shume, bint yangu. Paka dume husema mzungu wa mifugo. Mtu wa Unguja anayetupa kiatu saa nane za usiku husema shume.

Na jengine, nimelivumilia tangu Jumapili. Si "Kamusi ya". BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar, wameandika jaladani, 2010, Kamusi *la* Kiswahili Fasaha. Na wewe uko hapo hapo mjini.